Tupa mbili: shajara ya kuunda mfano wa mzinga wa Bofors wa milimita 40

12 Januari

Nimeanza. Leo nimekata ubao wa kwanza, na ukishakata ubao umekwisha kula kiapo. Ninaunda mfano wa mzinga wa milimita 40 wa kampuni ya silaha ya Bofors, ule wa kudungulia ndege unaokokotwa na lori, kwa kipimo cha moja kwa tano. Kila milimita 5 za mzinga wenyewe zitakuwa milimita 1 kwangu.

Mimi ni fundi wa mashine. Kazi nilijifunza Tanga, na huu ni mwaka wangu wa tisa hapa Örebro, Uswidi. Kutoka hapa kwenda Karlskoga, mji uliouzaa mzinga huu, ni safari isiyofika saa moja kwa gari. Mwaka jana niliuona mmoja umesimama uwanjani, umepakwa rangi ya kijani, watoto wamekalia viti vya walengaji na wanahangaika na magurudumu ya mkono ambayo hayazunguki tena. Watu walikuwa wanapiga picha na kupita. Mimi nilichuchumaa kwa nyuma nikachungulia pale risasi zinapoingilia, na swali nililoondoka nalo ndilo lililonileta mezani leo. Risasi moja ina uzito wa kilo 2 na ushei, urefu wake kama kutoka kiwiko hadi ncha ya vidole. Inawezaje kushuka, kuingia, kufungiwa mlango, kulipuliwa, na ganda lake kutoka nje, mara mbili katika kila sekunde?

Masharti niliyojiwekea ni haya. Mtutu utakuwa mti usiotobolewa, isipokuwa sentimita chache za chemba, yaani chumba inamokaa risasi ikipigwa, kule nyuma. Mfano huu hautapiga kitu chochote, wala sitaki upige. Kitakachofanya kazi ni mfumo wa kulisha risasi na mlango wa nyuma, kwa kuzungusha mkono. Nataka kuona polepole kile ambacho kwa kasi yake halisi jicho haliambulii.

19 Januari

Kosa la kwanza, na nimelitafuta mwenyewe. Mzinga huu dunia nzima unauita L/60, maana yake urefu wa mtutu ni mara 60 ya kipenyo cha tundu lake. Nikapiga hesabu: mara 60 kwa milimita 40 ni milimita 2,400, gawanya kwa 5, nikapata 480. Nikakereza mti wa mwaloni wa milimita 480, nikaupiga msasa mpaka ukang'aa. Jioni nikaupima kwenye picha iliyochorwa kwa vipimo, haukulingana na kitu chochote.

Jina ni jina tu. Mtutu halisi ni mara 56.25, yaani milimita 2,250. Wangu ulitakiwa uwe milimita 450. Nimeukata, na kipande cha milimita 30 nimekibandika ukutani juu ya jiliwa ili kinitazame.

26 Januari

Wiki hii sikushika msumeno. Nimesoma, na ninaandika hapa nilichoshika maana ndicho kitakachoamua namna ya kuunda.

Mwaka 1922 jeshi la majini la Uswidi lilinunua kwa Vickers wa Uingereza mizinga ya milimita 40 ya aina iliyoitwa pom-pom. Ndege zikawa zinabadilika kila mwaka, zinaruka kwa kasi zaidi. Mwaka 1928 wanamaji wakawaendea Bofors wakitaka kitu bora, na kabla mwaka haujaisha mkataba ukawa umetiwa saini. Wahandisi wanaotajwa zaidi katika kazi hiyo ni Victor Hammar na Emanuel Jansson. Hawakuanza na karatasi nyeupe. Walichukua muundo wa mzinga wa zamani wa milimita 57 wa kiwanda cha Finspång, uliokuwa umetengenezwa dhidi ya boti za torpedo, wakaupunguza na kuuwekea mfumo wa kujipakia.

Majaribio ya 1929 yakaonyesha ugonjwa. Risasi ya bunduki ni nyepesi, mkono wa chuma unaweza kuishika, kuipeleka na kurudi bila kuchoka. Risasi ya kilo 2 ni habari nyingine. Ukitengeneza mkono wenye nguvu za kuibeba, mkono wenyewe unakuwa mzito, na kitu kizito hakiwezi kwenda na kurudi haraka. Ukiupunguza uzito, unavunjika. Nimelisoma jambo hili mara tatu nikiwa nimekaa ukingoni mwa kiti, kwa sababu kila fundi aliyewahi kuunda mashine ya kubeba vitu analijua. Nguvu na wepesi vinanyang'anyana chuma kilekile.

Wakajaribu njia ya pembeni: maganda ya zinki, yaungue yenyewe wakati wa kupiga, ili pasiwe na ganda la kutoa na mlango upate kazi moja badala ya mbili. Wazo ni zuri na ninawaheshimu kwa kulijaribu. Lakini zinki ikaganda ndani ya mtutu, wakaliacha.

Halafu majira ya joto ya 1930 likaja jibu. Wakaacha kuisindikiza risasi. Ganda lililokwisha kutumika linarushwa nje kwa nyuma, na risasi mpya haishikwi mkono hadi chemba. Inatupwa. Inasukumwa kwa nguvu ya springi, inaachiwa, inaruka yenyewe kipande cha mwisho cha safari, na ikifika inagonga kitu kinachoufunga mlango. Mzinga wa majaribio wa aina hiyo ulipigwa Novemba 1931, kwanza risasi mbili mbili na tatu tatu, na mwaka ulipoisha ulikuwa unafika risasi 130 kwa dakika.

Nataka kuunda hicho. Vingine vyote, magurudumu, trela, viti, ni nyumba ya kukiweka hicho.

9 Februari

Nimekereza risasi 12 za mti. Nzuri kutazama. Nimeweka springi kwenye kisukumizi (ndivyo ninavyokiita kile kipande kinachoisukuma risasi kutoka nyuma), nikaiachia. Risasi inaruka, inaingia chemba nusu, inasimama. Nikaongeza nguvu ya springi. Inaingia, inagonga, inarudi nyuma kama mpira. Jumamosi nzima ni hivyo: ama haifiki, ama inafika na kuruka tena.

10 Februari

Nimempigia simu fundi wangu wa zamani kule Tanga, aliyenifundisha kushika tupa nikiwa na miaka 17. Sasa ni mzee, macho yamepungua, lakini masikio yanasikia mashine kupitia simu.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba mwanangu. Huko baridi bado?"

Nikamweleza. Akanyamaza, nikasikia kijiko kikikoroga chai. Halafu akaniuliza kama nimewahi kuwatazama vibarua wanaopakia matofali kwenye lori. Nikamwambia nimewahi kuwa mmoja wao.

"Basi unajua. Tofali halitembezwi, linarushwa. Ukimwambia kila mtu alibebe mpaka juu, jua litazama lori halijajaa. Sasa niambie, umewahi kumrushia mwenzako boksi tupu?"

"Haliendi, fundi. Linapepea."

"Linapepea. Risasi zako nyepesi. Kitu cha kurushwa lazima kiwe na uzito wake wa haki."

Nililala nikiwa na furaha isiyo na kiasi.

16 Februari

Hesabu yenyewe ni fupi. Ukipunguza kitu mara 5 kwa urefu, upana na kina, uzito unapungua mara 125. Risasi ya gramu 2,150 hivi inatakiwa iwe gramu 17 kwangu. Zangu za mti zilikuwa gramu 5. Nimekereza moja kwa aluminiamu isiyo na uwazi ndani, nikaiweka kwenye mizani ya jikoni: gramu 18. Karibu kabisa.

Imeruka ikaingia na kukaa. Sauti yake ni "tk", kavu, tofauti kabisa na ya mti. Nimeirudia mara 30 kabla ya kwenda kula.

2 Machi

Zote 12 ziko tayari, na klipu tatu. Klipu inashika risasi 4, na kwa mzinga halisi hiyo ni kama kilo 9 mkononi mwa mpakiaji. Ukipiga kwa risasi 120 kwa dakika, klipu moja inakwisha kwa sekunde 2. Mtu amesimama kwenye jukwaa linalozunguka, mtutu unapanda na kushuka, kelele zinamziba masikio, na kila sekunde 2 anatakiwa adondoshe kilo 9 nyingine juu ya zile zinazoliwa. Ndiyo maana vitani mzinga huu ulikuwa unatoa risasi 80 hadi 100 kwa dakika badala ya 120. Mashine ilikuwa inamsubiri mtu. Ninapoona picha za wale vijana na mikono iliyonyooshwa kupokea klipu, siku hizi sioni tena mzinga, ninaona mabega.

16 Machi

Sehemu ya nyuma imekamilika kwa mara ya kwanza. Nieleze jinsi inavyofanya kazi wakati bado nina mafuta mikononi.

Mlango wa chemba ni kizibo cha chuma kinachopanda na kushuka kwa wima. Risasi ikishapigwa, mtutu wote unarudi nyuma. Wangu unarudi sentimita 4 kwa kuzungusha mkono. Katika kurudi huko, kikono cha ekseli ya mlango kinapita kwenye mfereji uliopinda uliochongwa ubavuni, kinageuzwa, kizibo kinashuka na pini ya kufyatulia inajikunja tayari kwa zamu nyingine. Kizibo kikifika chini kinayagonga makucha mawili yaliyoshika ukingo wa ganda. Makucha yanaruka nyuma na kulitupa ganda nje, kisha yanakishika kizibo kibaki chini, mlango wazi. Ganda linapita kwenye mkondo wa bati uliopinda, linatokea chini ya mzinga kwa mbele, lisimuumize mtu aliye nyuma.

Huku juu magurudumu madogo yenye umbo la nyota yameshika risasi zinazosubiri. Katika safari hiyo ya kwenda na kurudi, nyota zinageuka hatua moja na kushusha risasi moja kwenye trei, nyuma kabisa ya chemba. Springi kubwa iliyouzunguka mtutu inaurudisha mbele. Kisukumizi kinakuwa kimekamatwa nyuma, springi yake imejikunja. Mtutu ukikaribia mahali pake kinaachiwa, na risasi inatupwa.

Sasa sikiliza jambo lililonifanya niweke bisibisi chini. Nani anauambia mlango ufunge? Risasi yenyewe. Ukingo wa ganda jipya unapoingia kwa kasi unayagonga yale makucha, makucha yanakiachia kizibo, springi inakipandisha. Risasi isipofika, mlango haufungi, na mlango usipofunga mzinga haupigi. Hawakuhitaji kipande kingine cha kupima kama risasi imeingia sawasawa. Ufunguo wa mlango ni mgeni mwenyewe kuingia.

Ndiyo maana risasi zangu za mti hazikuweza. Hazikuwa na uzito wa kugonga.

23 Machi

Nyota moja imevunjika jino. Nimeiunda nyingine kwa vipimo vilevile. Haikai.

30 Machi

Bado haikai. Nimegundua sababu, na inauma. Zile nyota za kwanza nilizipiga tupa mojamoja mpaka zikakaa vizuri, kila moja mahali pake. Nilikuwa najivunia jinsi zilivyolala bila mchezo. Lakini nilipofanya hivyo niliharibu michoro yangu bila kujua. Kilichoko kwenye karatasi si kilichoko kwenye mashine. Kila nyota ina ukweli wake, na ukweli huo uliishia kwenye vumbi la aluminiamu nililolifagia.

Naliweka hili kando wiki hii nikafanye trela, maana nikiendelea nitavunja kitu.

13 Aprili

Trela. Kazi ya kupumzisha akili kidogo, ingawa ina hila zake.

Inashangaza kwamba mzinga huu uliozaliwa kwa ajili ya wanamaji wa Uswidi, wanamaji hao hawakuutaka kwanza. Walibadili mawazo wakaomba kitu kidogo zaidi, na Bofors wakawapa wa milimita 25 mwaka 1932. Wa milimita 40 waliuagiza kwa ajili ya nyambizi tu, mtutu ukiwa umefupishwa. Oda ya kwanza ya mtutu mrefu ilitoka kwa Waholanzi, Agosti 1934: mizinga pacha mitano kwa meli yao ya kivita De Ruyter. Wa nchi kavu, wenye magurudumu, ulionyeshwa Aprili 1935, na Agosti mwaka huohuo Ubelgiji ikaagiza. Baadaye ndipo jeshi la nchi kavu la Uswidi nalo likauchukua, ukaitwa m/36.

Hilo gari ndilo lililoupeleka mzinga duniani. Magurudumu manne, ekseli mbili, ya mbele inageuka kufuata mkono wa kukokotea. Njiani ni trela kama trela nyingine. Ukifika mahali, unafungua ekseli, fremu inashushwa hadi chini na magurudumu yananyanyuka hewani. Miguu miwili ya pembeni iliyokuwa imekunjwa ubavuni inafunguliwa nje, na chini ya kila ncha ya msalaba huo kuna jeki ya kusawazishia. Mzinga mzima, tani 2 hivi kwa aina ya Waingereza, unakuwa umekaa kwenye ncha nne na unaweza kugeuka duara kamili, na mtutu kupanda hadi kuelekea juu kabisa, digrii 90. Kikosi kilichozoea kilihesabu kazi hiyo kwa sekunde. Na hali ikiwa mbaya zaidi, Waingereza walipiga mzinga ungali juu ya magurudumu, bila kuushusha.

Nimetumia plaiwudi ya milimita 6 kwa fremu na bolti ndogo kwa jeki. Jeki zangu zinafanya kazi kweli: nimeuweka mfano kwenye meza yenye mwinamo na kuusawazisha mpaka kiputo cha pimamaji kikakaa katikati.

27 Aprili

Binti yangu ameniuliza, tena kwa utulivu, "Baba, kwa nini silaha? Kwa nini hukuunda cherehani?" Ana miaka 11.

Nilimjibu hivi, na ninaandika ili nisije nikabadilisha jibu. Silaha ni silaha, na huu ulitengenezwa kuua watu waliomo ndani ya ndege. Bofors waliuza leseni na mizinga kwa nchi nyingi, na vita vilipoanza mizinga hiyo ilipatikana pande zote mbili, hata Wajerumani waliitumia waliyoiteka. Hilo halifutiki kwa kusifia makucha na springi. Lakini katika miji na meli zilizoshambuliwa na ndege kulikuwa na watu wasio na chochote isipokuwa mzinga huu, na nataka kuelewa kitu kilichowalinda. Halafu nikamwambia kwamba cherehani nayo nitaiunda, na lazima nitimize.

Amekubali kuwa mpakiaji.

4 Mei

Nimekaa juu ya hadithi ya Uingereza na Marekani wiki nzima kwa sababu inanihusu moja kwa moja.

Waingereza waliipata mizinga hii mwaka 1937, kwanza ile iliyotengenezwa Polandi kwa leseni. Wakaipenda, wakanunua leseni yao. Walipoifungua michoro, wakakuta vipande vingi vimeandikiwa maelekezo kwamba vipigwe tupa hadi vikae wakati wa kuunganisha. Kule Karlskoga hiyo ilikuwa kazi ya kawaida. Fundi mzuri, benchi, jiliwa, tupa. Kila mzinga ulikamilika mikononi mwa mtu anayeujua, na ulikuwa mzinga mzuri. Lakini taifa linaloingia vitani linahitaji maelfu, na mafundi wa aina hiyo hawaoti kama uyoga. Kwa hiyo Waingereza wakaibadilisha vipimo kutoka milimita kwenda inchi, na wakaupanga upya muundo ili kipande chochote kiingie kwenye mzinga wowote.

Wamarekani walifika mahali hapohapo na ugumu zaidi. Leseni rasmi waliipata Juni 1941. Michoro ya Ulaya ilikuwa ya milimita, na hata namna ya kupanga sura za kitu kwenye karatasi ilikuwa tofauti: anachokichora Mzungu wa Ulaya upande huu, Mmarekani anakichora upande ule. Ilibidi ichorwe upya. Kampuni ya magari ya Chrysler ndiyo iliyoubeba mzigo mkubwa wa mizinga ya nchi kavu: hadi vita vinakwisha ilikuwa imetengeneza mizinga 60,000 na mitutu 120,000, na muda wa kuunda mzinga mmoja uliishia kuwa nusu ya ule wa mwanzo. Mzinga wenyewe haukubadilika sana. Walichobadilisha ni namna ya kuutengeneza.

Kiswahili chetu kina neno moja kwa mambo haya mawili. Tupa, chombo cha kulainishia chuma. Na tupa, kurusha. Mzinga huu ulipata uhai siku walipokubali kuitupa risasi, na ulienea duniani siku walipoweka tupa chini. Nimeliona hili nikiwa nimeshika vyote viwili, risasi mkono huu na tupa mkono ule, saa tano usiku, na mke wangu akanikuta nimesimama tu.

11 Mei

Nimeanza upya nyota zote nane. Sipigi tupa. Nimetengeneza jigi: bamba la chuma lenye pini mbili na tundu za kuongozea drili, ili kila nyota itobolewe na kukatwa ikiwa imelala mahali palepale. Michoro nimeichora upya, kila kipimo na kiasi kinachoruhusiwa kuzidi au kupungua. Kabla ya hapo nilikuwa naandika "8" na kuamini mikono yangu. Sasa naandika 8, na pembeni yake sehemu mbili za kumi za milimita. Kazi ya siku moja imekuwa ya wiki mbili.

25 Mei

Sehemu ya kulengea, kwa ufupi, kwa sababu nitaiunda bila kuifanya ifanye kazi.

Walengaji ni wawili, wamekaa kila mmoja upande wake, kila mmoja na gurudumu lake la mkono. Mmoja anageuza mzinga kushoto na kulia, mwenzake anapandisha na kushusha mtutu. Tatizo lao ni rahisi kulieleza. Ndege inayokwenda mita 100 kwa sekunde, na risasi ikichukua sekunde 3 kuifikia, itakuwa imesogea mita 300. Ukiilenga ndege unapiga mahali ilipokuwa. Kwa hiyo mtu wa tatu alisimama nyuma yao na kurekebisha kifaa cha kulengea kwa kadiri ya mwendo wa ndege. Waingereza wakaja na mashine ya Kerrison, iliyobuniwa na afisa wa jina hilo kwenye maabara ya utafiti ya jeshi lao la majini. Ilikuwa sanduku la zaidi ya kilo 200, unaifuatisha ndege kwa darubini nayo inapiga hesabu na kuugeuza mzinga kwa umeme. Ilifanya kazi vizuri, lakini ilihitaji jenereta, nyaya na muda wa kuitandaza, na kikosi kinachohamahama hakina muda. Wengi walirudi kwenye kifaa chepesi cha mkono kilichoitwa Stiffkey.

Viti vyao nimevitengeneza kwa bati la kopo la biskuti.

8 Juni

Jaribio kamili. Binti yangu yuko upande wa klipu, mimi nazungusha mkono, mke wangu anahesabu.

Mtutu ukiwa umelala: klipu 10, risasi 40, hakuna iliyokwama. Digrii 45: 40, moja imekwama. Digrii 90, mtutu ukitazama dari: 40, sita zimekwama.

Sikuhuzunika hata kidogo. Mzinga halisi nao ulikuwa unapiga haraka kidogo zaidi mtutu ukilala, kwa sababu klipu inasimama wima na uzito wa risasi unasaidia kuzishusha. Ukiinua mtutu juu kabisa, klipu inakuwa imelala ubavu, na kazi yote ya kulisha inabaki kwa mashine. Tena kisukumizi sasa kinatupa risasi kwenda juu. Nimesoma hilo Januari na nikalipita kama jambo dogo. Leo nimelihisi kwenye kiganja, mkono ukiwa mzito kuzungusha.

Nitakaza springi ya kisukumizi nusu mzunguko na kulainisha mikondo ya klipu.

22 Juni

Digrii 90: 40, imekwama moja.

6 Julai

Hili nililipanga tangu Mei na sikumwambia mtu. Kuna kijana Mkongomani tunayeishi naye jengo moja, anasomea ufundi wa mashine chuoni. Ananiita kaka mkubwa. Wiki tatu zilizopita nilimpa mchoro wa nyota, karatasi moja tu, nikamwambia anitengenezee moja kwenye mashine za chuo. Sikumwonyesha mfano wala jigi. Alipouliza ni ya kitu gani, nilimwambia, "Mdogo wangu, fuata karatasi."

Leo ameileta imefungwa kwenye gazeti. Nimeipima na kipimo cha kalipa mbele yake: 8, sehemu moja ya kumi juu. Nikaichomoa nyota moja ya zamani kwenye mfumo, nikaiweka yake. Imeingia kwenye ekseli kwa kidole. Nikarudisha pini, nikamwita binti yangu, akadondosha klipu, na kijana mwenyewe ndiye aliyezungusha mkono.

Tk. Tk. Tk. Tk.

Alizungusha tena bila klipu, polepole, akiinama kutazama ndani, akaniuliza, "Kaka, sasa mlango unajuaje wakati wa kufunga?" Nikavuta kiti cha pili.